Alexander Wilson, Mwalimu Mchoraji wa Ndege

Tukisikia habari za mtu mashuhuri, mara nyingi twadhani kwamba tangu ujana wake alikuwa na mali, na walimu wakubwa, na njia iliyonyoka mbele yake. Mtu tunayetaka kuwasimulia leo hakuwa na hata moja la hayo. Alikuwa mfumaji wa nguo, kisha mchuuzi, kisha mfungwa, kisha mwalimu wa shule ndogo ya kijijini. Alikuwa amekwisha pita miaka 35 kabla ya kujua kuchora vizuri hata ndege mmoja, naye akafa mwenye miaka 47. Lakini katika muda ule mfupi wa katikati alifanya kazi kubwa, hata leo wataalamu wa ndege wa Marekani humwita baba wa elimu yao. Jina lake ni Alexander Wilson.

Utoto katika mji wa wafumaji

Alexander Wilson alizaliwa tarehe 6 Julai 1766 katika mji wa Paisley, nchi ya Uskoti, iliyo kaskazini ya Uingereza. Paisley ulikuwa mji wa wafumaji. Tangu alfajiri hata usiku ulisikika katika nyumba nyingi mlio wa vitanda vya kufumia. Baba yake naye alikuwa mfumaji. Wazazi wake walitumaini kwamba mtoto huyu atasoma, na siku moja atakuwa mhubiri katika kanisa lao. Lakini mama akafa Alexander alipokuwa na umri wa miaka yapata 10. Baba akaoa mke mwingine, na masomo yakakoma. Alipotimiza miaka 13 akatiwa kazini kwa shemeji yake, mume wa dada yake, ajifunze ufumaji kwa muda wa miaka mitatu.

Mikono yake ilishika nyuzi, lakini moyo wake ulikuwa nje, katika mabonde na vijito. Hata alipokuwa mtu mzima hakuweza kustahimili kukaa ndani siku zote. Akaacha kitanda cha kufumia, akajitwika mzigo wa vitambaa mgongoni, akazunguka nchi ya Uskoti kijiji kwa kijiji akiuza. Njiani alitunga mashairi kwa lugha ya watu wa kwao. Mwaka 1790 akachapisha kitabu cha mashairi, naye akajaribu kukiuza pamoja na vitambaa, lakini faida yake ilikuwa haba.

Shairi lililomletea aibu

Siku zile wafumaji wa Paisley walinung'unika juu ya matajiri wa viwanda, wakisema kwamba wanawapunja ujira wao. Wilson alikuwa upande wa maskini, na kalamu yake ilikuwa kali. Mwaka 1792 akaandika shairi la kumshutumu tajiri mmoja mwenye kiwanda. Kama angaliishia hapo, labda wengi wangalimsifu. Lakini shairi lile lilipelekwa kwa tajiri huyo kwa siri, pamoja na barua ya kudai fedha ili lisichapwe.

Hapo Wilson alikosa, nasi hatuna haja ya kumficha. Kumkemea mdhalimu ni neno moja, na kumtoza fedha ili unyamaze ni neno jingine kabisa. Akashitakiwa, akakiri. Mwaka 1793 akaamriwa kulichoma moto shairi lake kwa mkono wake mwenyewe, hadharani, mbele ya gereza la mji. Akatozwa faini, na kwa kukosa fedha akakaa kifungoni. Fikirini aibu ya mtu yule: majirani waliomjua tangu utoto wamesimama, wakimtazama akichoma maneno yake.

Baada ya hayo hakuona tena maisha mbele yake katika Paisley. Akafanya kazi kwa bidii, akajinyima, akaweka akiba ya nauli. Mwezi wa Mei 1794 akapanda merikebu huko Belfast pamoja na mpwa wake William Duncan, wakaelekea Marekani. Merikebu ilikuwa imejaa watu hata hapakuwa na nafasi ya kulala chini, nao wakakubali kulala juu ya sitaha, penye upepo na mvua, safari yote.

Ndege wa kwanza

Tarehe 14 Julai 1794 wakashuka katika mji wa New Castle, jimbo la Delaware. Hawakuwa na fedha wala rafiki. Wakashika njia kwa miguu kwenda Philadelphia, wakipita katika misitu mikubwa. Wilson alikuwa na bunduki yake. Njiani akamwona kigogota mwenye kichwa chekundu kama damu, na mabawa meusi yenye weupe mwingi. Akampiga, akamwokota, akamtazama kwa muda mrefu. Akakiri kwamba hajapata kuona ndege mzuri kama huyo maisha yake yote. Mtu yule aliyekimbia aibu ya kwao aliona kwa mara ya kwanza kitu cha nchi mpya, nacho kikamfurahisha.

Lakini furaha haijazi tumbo. Alifanya kazi kwa mchapaji wa picha, akarudi katika ufumaji, akachuuza tena vitambaa. Yapata mwaka 1796 akapata kazi ya ualimu katika kijiji cha Milestown, karibu na Philadelphia. Yeye mwenyewe alikuwa ameketi shuleni miaka michache tu. Kwa hiyo, wanafunzi walipokwisha kwenda makwao, mwalimu alibaki na vitabu vyake, akijifundisha hesabu na upimaji wa ardhi. Wale wanaofundisha watoto watamwelewa: mara nyingi mwalimu husoma usiku somo atakalofundisha asubuhi.

Mwalimu na jirani yake

Mwaka 1802 akahamia shule ya Gray's Ferry, kando ya mto Schuylkill. Shule hiyo ilikuwa karibu na bustani ya William Bartram, nayo ikawa sababu ya kugeuka kwa maisha yake. Bartram alikuwa mzee mpole aliyezidi miaka 60. Baba yake, John Bartram, alikuwa ameianza bustani ile mwaka 1728, akapanda humo miti na maua ya pande nyingi za Marekani. William mwenyewe alisafiri ujanani mwake katika nchi za kusini, akaandika habari za mimea, za wanyama na za watu wa huko katika kitabu kilichotoka mwaka 1791. Alijua kuchora, na maktaba yake ilikuwa wazi kwa jirani.

Siku zile Wilson alikuwa na huzuni nyingi. Mshahara ulikuwa mdogo, watoto walikuwa wengi, na mawazo ya zamani yalimsumbua. Rafiki yake Alexander Lawson, Mskoti mwenziwe, aliyekuwa mchongaji wa picha katika mabamba ya shaba, akamshauri ajifunze kuchora ili moyo upate kutulia. Wilson akajaribu kuchora watu, akashindwa. Akajaribu maua na mahali, akashindwa vilevile. Bartram akampa mifano ya ndege. Hapo mkono ukaanza kutii.

Mchana alifundisha, na usiku alichora kwa mwanga wa mshumaa, hata pengine rangi zilikosewa, asizione sawasawa mpaka kupambazuke. Picha alizipeleka kwa mzee Bartram, akimwomba aseme makosa yake bila kumhurumia. Haba na haba hujaza kibaba. Mwaka 1804 akamwambia Lawson kwamba ameazimia kuchora ndege wote wa sehemu ile ya Marekani. Lawson, aliyejua bei ya shaba na karatasi na rangi, akamhesabia gharama. Wilson akaona kwamba rafiki yake ana moyo wa baridi, wala hakuliacha azimio lake.

Wanafunzi walipofahamu anachopenda mwalimu wao, wakaanza kumletea kila kiumbe kilichopatikana. Mmoja alimletea kikapu kizima cha kunguru hai. Siku nyingine mtoto mmoja akakamata panya darasani, akamleta mbele ya mwalimu. Wilson akamfunga ili amchore, naye alikusudia kumwua na kumweka katika makucha ya bundi aliyekaushwa, apate picha nzuri. Alipokuwa akichora aliona moyo wa panya ukidunda kwa hofu. Kwa bahati matone ya maji yakamwagika mezani. Panya akayaramba kwa kiu kubwa, akainua macho. Wilson hakuweza kuendelea. Akakata kamba, akamwachia aende zake.

Habari hiyo ni ndogo, lakini yatuonyesha tabia yake na taabu yake. Wakati ule hapakuwa na kamera wala darubini nzuri za mkononi. Mchoraji wa ndege hakuwa na budi kuwapiga bunduki, awapime na kuwatazama manyoya moja moja. Wilson aliua ndege wengi mno. Hata hivyo hakuacha kuona kwamba kila mmoja alikuwa kiumbe hai.

Kitabu cha ndege wa Marekani

Mwezi wa Oktoba 1804 akaenda kwa miguu pamoja na vijana wawili hata maporomoko ya maji ya Niagara. Walikuwa njiani karibu miezi miwili, wakirudi katika theluji. Mwaka 1805 akampelekea Rais Thomas Jefferson picha za ndege alizochora, naye Rais akamjibu kwa heshima. Mwaka 1806 aliomba kutumwa pamoja na wapelelezi wa serikali katika nchi za magharibi, lakini hakupata jibu.

Mlango huo ulipofungwa, mwingine ukafunguka. Mwaka huohuo mchapaji wa Philadelphia, Samuel Bradford, alimwajiri asaidie kutengeneza ensiklopidia, kwa mshahara wa dola 900 kwa mwaka. Wilson akaacha ualimu. Bradford akakubali pia kuchapa kitabu cha ndege, kwa sharti wapatikane watu wa kutosha watakaotia sahihi kwamba watakinunua. Kitabu kikaitwa American Ornithology, maana yake elimu ya ndege wa Marekani, nacho kilikusudiwa kuwa na mafungu 10. Fungu la kwanza likatoka mwezi wa Septemba 1808. Wilson alichora na kuandika. Lawson alichonga mabamba mengi kwa malipo haba. Kisha kila picha katika kila nakala ilitiwa rangi kwa mkono.

Bei ya mafungu yote ilikuwa dola 120. Hata Wilson mwenyewe angalilazimika kutoa mshahara wa zaidi ya mwezi mmoja na nusu ili apate kitabu chake! Basi mchuuzi wa zamani akajitwika tena mzigo, ila safari hii hakubeba vitambaa. Akazunguka miji ya kaskazini, kisha ya kusini hata Savannah, akibisha hodi katika nyumba za matajiri, za magavana na za walimu wa vyuo. Wengine walimsifu wasitie sahihi. Katika mji wa Hanover hakimu mmoja alimwambia kwamba kitabu cha namna hiyo hakifai kusaidiwa, kwa kuwa watu wa kawaida hawawezi kukinunua, na nchi ile ni ya watu wote sawa. Wilson akamwuliza kuhusu nyumba yake kubwa ya matofali yenye orofa tatu: je, watu wa kawaida wanaweza kujenga kama hiyo? Katika safari hiyo ndefu alipata watu wapatao 250. Rais Jefferson alikuwa mmoja wa waliotia sahihi.

Peke yake katika mto Ohio

Mwezi wa Februari 1810 alifika Pittsburgh, mahali mto Ohio unapoanzia. Watu wakamshauri asiingie mtoni, kwa maana vipande vya barafu vilikuwa bado vikielea. Yeye akanunua mashua ndogo, akaipa jina la Mtaalamu wa Ndege. Akatia ndani bunduki, sanduku, koti, biskuti na jibini, na kopo la bati la kutolea maji mashuani na kunywea maji ya mto. Akashika kasia, akateremka peke yake karibu kilomita 1,160, akilala katika vibanda vya watu wa misituni. Tarehe 17 Machi akafika Louisville, jimbo la Kentucky.

Katika mji huo aliingia dukani mwa kijana mmoja Mfaransa mwenye miaka 24, akamwonyesha kitabu. Kijana akashika kalamu ili atie sahihi, lakini mshiriki wake wa biashara akamzuia, akimwambia kwa Kifaransa kwamba picha zake mwenyewe ni bora zaidi. Kijana akaweka kalamu chini, akatoa picha zake za ndege. Wilson akashangaa, kwa maana hakujua kwamba kuna mtu mwingine anayefanya kazi ile. Kijana yule alikuwa John James Audubon. Miaka 17 baadaye alianza kutoa kitabu chake kikubwa chenye picha 435, ambacho kilimpa sifa kupita Wilson. Kwa uzuri wa picha Audubon alimshinda, wala hakuna ubishi juu ya hilo. Ndege wa Wilson walibanwa wengi katika ukurasa mmoja ili kupunguza gharama. Lakini Wilson alikuwa ametangulia, naye alilima shamba lililokuwa bado msitu.

Kutoka huko akaenda Nashville, kisha mwezi wa Mei akashika njia ya msituni iendayo Natchez, akipita katika nchi za Wachickasaw na Wachoctaw. Njiani alisimama penye kaburi la rafiki yake Meriwether Lewis, yule mpelelezi mashuhuri aliyefika bahari ya magharibi na kurudi, aliyekufa hapo mwezi wa Oktoba 1809. Wilson akamlipa mwenyeji wa mahali pale ili azungushe ua, nguruwe na mbwamwitu wasilifukue kaburi. Ndege waliotoka katika safari ya Lewis aliwachora katika kitabu chake, na jina la rafiki yake halikusahauliwa.

Katika safari hiyo alikuwa na mwenzi mmoja: kasuku mdogo wa Carolina, rangi ya majani, kichwa cha manjano. Wilson alikuwa amemjeruhi kidogo huko Kentucky, akamtunza. Alimfunga katika kitambaa cha hariri, akamtia mfukoni, na kila wakati wa chakula alimtoa ili wale pamoja. Watu wa vijiji vya njiani walikusanyika kumtazama na kucheka. Alipomwekea kioo, ndege alidhani amempata mwenziwe, akalala huku ameegemeza kichwa juu ya sura yake. Walipokuwa baharini, wakirudi kutoka New Orleans, kasuku akatoka katika tundu lake alfajiri, akaanguka majini, akafa.

Njiwa wasiohesabika

Jambo kubwa aliloliona Kentucky lilikuwa njiwa wasafiri. Walipita juu angani, tabaka juu ya tabaka, wakitanda upana wa zaidi ya kilomita moja na nusu. Mwewe alipowarukia, waliokuwa mahali pale walipinda kwenda chini na kupanda tena, na wale waliokuja nyuma wakapinda vilevile, ijapokuwa mwewe amekwisha kwenda. Wilson aliketi akatazama, na saa yake ikawa mkononi. Kisha akafanya hesabu kama mwalimu ubaoni: upana wa kundi, mwendo wake, saa nne za kupita, na njiwa watatu kwa kila yadi ya mraba. Akapata njiwa 2,230,272,000, naye akasema kwamba huenda hesabu hiyo ni pungufu ya kweli.

Tena aliandika jinsi makasuku wa Carolina wanavyopendana. Mmoja akipigwa bunduki, wenziwe hawakimbii moja kwa moja, bali humzunguka aliyeanguka, wakilia, wakatua karibu naye. Aliona upendo huo, akausifu. Lakini upendo huohuo uliwapa wawindaji nafasi ya kuwamaliza.

Huko Wilmington, jimbo la North Carolina, alimkamata kigogota mkubwa mwenye mdomo mweupe kama pembe, aliyejeruhiwa bawa. Ndege alilia kama mtoto mchanga, hata watu wa mjini wakatoka milangoni kuona ni nani anayeteswa. Wilson akamfungia katika chumba cha wageni, akatoka kidogo. Aliporudi, kitanda kilikuwa kimejaa lipu, na ukutani palikuwa na tundu kubwa. Akamfunga mguu penye meza, naye akaitoboatoboa meza. Alipokuwa akimchora, ndege alimdonoa na kumjeruhi mara nyingi. Akakataa kila chakula, na baada ya siku tatu akafa. Wilson alikiri kwamba alimheshimu kwa moyo wake usioshindwa, naye akasikitika alipomwona amekufa.

Mtu wa kuona kwa macho

Wasomaji wataniuliza: je, kabla yake hapakuwa na watu walioandika habari za ndege wa nchi ile? Walikuwapo. Mwingereza Mark Catesby alichora ndege wa Carolina katika kitabu kilichotoka kati ya miaka 1731 na 1743. Wengine waliandika wakiwa Ulaya, bila kuvuka bahari. Buffon, mtaalamu mkubwa wa Ufaransa, alisema kwamba viumbe vya Marekani ni dhaifu kuliko vya Ulaya, na ndege wake hawaimbi vizuri. Wilson, mwalimu wa kijijini, hakuogopa kumpinga kila alipomwona amekosa, kwa sababu yeye alikuwa amekwenda msituni alfajiri akasikia kwa masikio yake.

Kadhalika alitumia macho yake kuwatetea ndege. Wakulima waliwaua ndege weusi wenye mabega mekundu kwa sababu waliharibu mahindi. Wilson hakukana madhara hayo. Lakini alipasua matumbo ya ndege, akatazama waliyokula, akahesabu: kama ndege mmoja hula mabuu 50 kwa siku, basi ndege wa aina hiyo huangamiza kwa miezi minne mabuu kiasi cha milioni 16,200. Akawaomba wakulima wapime kwanza hasara na faida, ndipo washike bunduki. Katika viumbe hivyo yeye aliona kazi ya Muumba, naye hakutaka mtu aiharibu bila kufikiri.

Mwisho wake

Miaka yake ya mwisho ilikuwa ya taabu. Mwaka 1812 vita vilizuka kati ya Marekani na Uingereza. Katika mji wa Haverhill watu walimwona mgeni akichunguza nchi, wakadhani ni mpelelezi wa adui, wakamkamata, kisha wakamwachia. Watia rangi wake wakamwacha, naye akalazimika kutia rangi picha nyingi kwa mkono wake mwenyewe, kwa kuwa kazi hiyo ndiyo iliyompa chakula. Hakuwa ameoa, wala hakuwa na nyumba yake. Usiku na mchana alifanya kazi ili kitabu kisikwame.

Katikati ya mwaka 1813 fungu la saba lilikuwa limekwisha toka, na la nane lilikuwa mikononi. Mwili wake uliochoka haukuweza kustahimili zaidi. Akashikwa na ugonjwa wa kuhara damu, akafa katika mji wa Philadelphia tarehe 23 Agosti 1813. Inasimuliwa kwamba alitaka kuzikwa mahali penye kivuli, ambapo ndege wataimba. Walimzika katika uwanja wa kanisa kongwe la Waswidi la Gloria Dei.

Rafiki yake George Ord alikamilisha fungu la nane na la tisa, yakatoka mwaka 1814. Baadaye Charles Lucien Bonaparte, mtoto wa ndugu yake Napoleon, akaongeza mafungu mengine. Wilson alikuwa amechora aina 268 za ndege, na 26 kati yao hazikuwa zimepata kuandikwa na mtaalamu yeyote.

Kilichobaki

Ndugu wasomaji, sasa sikieni jambo la kusikitisha. Wale njiwa wasiohesabika, ambao mwalimu alihitaji tarakimu kumi kuwahesabu, hawapo tena duniani. Misitu ilikatwa, reli ikafika, wawindaji wakawaua kwa mamilioni ili kuuza nyama sokoni. Njiwa wa mwisho, jike aliyeitwa Martha, alikufa tundumi mwake katika mji wa Cincinnati tarehe 1 Septemba 1914. Kasuku wa mwisho wa Carolina aliyejulikana alikufa mwaka 1918, katika bustani ileile ya wanyama. Kigogota wa mdomo mweupe hajaonekana Marekani kwa hakika inayokubaliwa na wote tangu mwaka 1944. Leo mtu akitaka kujua kasuku yule alilalaje, au kundi lile la njiwa lilipindaje mbele ya mwewe, hana budi kurudi kwa maandiko ya mwalimu wa Gray's Ferry. Hakujua kwamba anaandika ushuhuda. Aliandika kwa uaminifu tu alichokiona.

Desturi hiyo ya kutazama kwa makini ilifika hata kwetu Kongo. Mmarekani James Chapin alikuwa huku tangu mwaka 1909 hata 1915. Mwaka 1913, katika upande wa Ituri, aliona unyoya mmoja katika kofia ya mtu, asijue ni wa ndege gani, akautunza. Mwaka 1936, huko Tervuren nchini Ubelgiji, akawakuta ndege wawili waliokaushwa na kusahauliwa, akautambua unyoya wake. Hivyo wataalamu wakamjua tausi wa Kongo, ambaye huishi katika misitu ya nchi yetu peke yake. Wazee wetu wa msituni walikuwa wakimjua siku zote.

Basi maisha ya Wilson yanatufundisha nini? Kwanza, kosa la ujana si mwisho wa mtu, akikiri na kushika kazi njema. Pili, mtu akichelewa kuanza, bado anaweza kufika. Tatu, kitu tunachokiona kila siku hatukioni bado mpaka tumekitazama. Kesho asubuhi, wewe mwalimu, kabla ya kupiga kengele, simama kidogo nje pamoja na watoto. Waulize ni ndege gani anayelia katika mti ule, anakula nini, na wazee humwitaje kwa lugha ya nyumbani. Majibu yao yaandikeni katika daftari, maana ndege na majina yao huweza kutoweka upesi kuliko tunavyodhani.